Skafu Niliyoikomboa Mnadani

Naserian mwanangu,

Umeniambia unakwenda kumuaga Mama Lazaro mara moja, unarudi. Ni nyumba ya tatu kutoka hapa. Tangu umetoka nimeshaivisha maharage, nimelifunga begi lako, nimelifungua, nimelifunga tena, kivuli cha nyumba kimeshavuka uwanja wote, na wewe hujarudi. Jana ulikwenda kumuaga pia. Juzi ulipopeleka maziwa nadhani ulimuaga kidogo. Mimi utaniaga kesho alfajiri, stendi, katikati ya wapiga debe, nikiwa nimekushikia begi.

Unaona? Nimekaa hapa nikijiambia nitamwandikia mwanangu barua nzuri, na mistari ya kwanza tu wivu umeshachungulia. Basi na utoke wote.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya kuchemsha, wala za kuchagua mwenye nyumba mwema. Hayo umeyasikia wiki nzima, mpaka ukaniambia, "Yeyo, naenda Makete, siendi mwezini." Unakwenda kuwa nesi, umesomea, na mengi ninayoyajua mimi kuhusu mwili wa binadamu umeshaniambia ni uongo. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya skafu yako ya kwanza. Ile ya maruni na bluu, uliyoifuma ukiwa darasa la sita, niliyokwambia imeibiwa kambani.

Haikuibiwa. Niliiharibu mimi.

Usiitupe barua kwanza. Ngoja nianzie mbali, maana nikianzia hapo nitaonekana shetani tu, na kumbe nilikuwa shetani mwenye sababu zake.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka mitano. Tulibaki wewe, mimi na mashine ya kufumia masweta. Fremu yetu ya biashara unaikumbuka, pale barabara ya Nairobi, gereji mkono huu, mama wa chipsi mkono ule. Sweta za kijani, za maruni, za bluu, shule zote kuanzia hapa Sakina mpaka Ngaramtoni. Desemba na Januari sikuwa mtu, nilikuwa mkono wa kusukuma mashine kwenda na kurudi, kra, kra, kra, hata usingizini bega lilikuwa linasukuma.

Ulikuwa na miaka tisa ulipokuja na sare yako ya shule, ukasimama ubavuni kwangu, ukasema, "Yeyo, na mimi nisukume." Nikakwambia toka. Ukatoka, ukasubiri nimekwenda kupokea mzigo wa uzi, ukarudi ukasukuma. Nilipoingia, sindano nne zimepinda na mgongo wa sweta la mtu umedondoka vitanzi katikati. Nilikupiga kofi la mkono. Na maneno niliyokwambia nayakumbuka yote. Nilisema, "Mashine hii ndiyo inayokulisha. Nenda kasome. Nisikuone hapa tena."

Kwa watu nilisema nakuepusha. Sitaki mwanangu awe na bega kama langu, nataka asome. Hilo ni kweli, ila siyo kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba nilikuwa na choyo. Mimi sikufika mbali shuleni, Kiingereza sijui, kanisani kwenye kwaya nawekwa nyuma. Mashine ile ndiyo kitu pekee nilichokijua kuliko mwanamke yeyote pale barabarani. Sikutaka mtu akiguse. Hata wewe, mtoto niliyekuzaa, nilikuona unakuja kunichukulia.

Wewe ukatii. Jamani, ulivyokuwa mtoto wa kutii! Hukuja tena fremuni hata siku moja. Ukapata baraza la mtu mwingine.

Mama Lazaro wakati ule ndiyo kwanza amestaafu unesi. Mmeru wa kule Makumira, mjane kama mimi, kijana wake Lazaro yuko Dodoma na familia yake, nyumba imejaa maua kwenye makopo ya rangi. Na muda. Nilianza kumwonea wivu kwa ajili ya muda kabla sijamwonea wivu kwa ajili yako. Mwanamke saa tisa mchana amekaa barazani na kikombe cha chai! Mimi saa tisa nilikuwa nimesimama tangu asubuhi na chai yangu imeota ngozi juu.

Nikasikia kwa watu kwamba ukitoka shule unapitia kwake. Nikasema sawa, afadhali yuko mahali pa heri. Siku moja umeme ukakatika, gereji ikafunga, fremuni giza, nikarudi mapema nikapitia pale.

"Shikamoo, Mama Lazaro."

"Marahaba, Mama Naserian. Karibu umwone fundi wako."

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, ulimi nje, umeshika spoku mbili za baiskeli. Ncha zake zimesuguliwa kwenye saruji hadi hazichomi, nyuma zimefungwa raba ili vitanzi visichomoke. Na uzi, Naserian, uzi ulikuwa wangu. Yale masalia niliyokuwa nafagia chini ya mashine naleta nyumbani kwenye mfuko tuwashie moto, wewe ulikuwa unayachambua kabla sijayachoma. Umeyaunga kwa mafundo, kipande kwa kipande, ukakunja mara tatu maana uzi wa mashine ni mwembamba. Mama Lazaro alikuwa amekuanzishia vitanzi thelathini. Unafuma mstari mmoja, ukifika mwisho unageuza, unafuma vilevile. Basi. Hakuna mbele na nyuma ya kukumbuka. Alisema anayeanza asichanganywe na mambo mengi, apewe kitu ambacho hata akikigeuza hakimwaibishi.

Ungekuwa na mama mwingine angesema, lo, mwanangu, umejua kufuma! Mimi niliishika ile kazi, nikaitandaza gotini, nikacheka.

"Hii ni skafu au jani la mgomba? Mbona imeanza nyembamba imeishia pana?"

Wewe ukainamisha kichwa. Mama Lazaro hakucheka. Akasema, "Tulishaona kosa liko wapi. Uzi ulikuwa unapanda juu ya sindano mwanzo wa mstari, kitanzi cha kwanza kinajifanya viwili, naye anafuma vyote. Sasa anauvuta chini kwanza. Kuanzia hapa ni thelathini, hesabu mwenyewe."

Sikuhesabu. Roho iliniuma kiasi kwamba macho yasingehesabu. Mmekaa hapo alasiri ngapi mnatafuta kosa pamoja, mnalipata pamoja, na mimi niliyevisha nusu ya watoto wa Arusha sikujua hata kama mtoto wangu anafuma? Halafu nilipokwambia twende nyumbani ukasema, "Nimalizie mstari, mama mkubwa ananisubiri."

Mama mkubwa! Njiani nikakuuliza, mkubwa kwa nani? Ukadhani nauliza kweli, ukanijibu, "Kwako, Yeyo. Si ana miaka mingi?"

Sasa nakuja kwenye Jumapili ya malimbuko.

Unajua ilivyo pale usharikani kwetu. Mtu analeta cha kwanza alichovuna, ndizi, mahindi, maziwa, jogoo, anaweka madhabahuni, ibada ikiisha vinatoka nje vinanadiwa. Mama Lazaro akakwambia kazi ya mikono nayo ni shamba, skafu yako ya kwanza ndiyo limbuko lako. Mimi hamkuniuliza. Nilikuona tu unatoka kwenye benchi, unapita katikati ya kanisa na kitu kimekunjwa mikononi, unakiweka kati ya mkungu wa ndizi na trei la mayai.

Nje mzee wa kanisa akaishika, akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii haina upande mbaya, wapendwa! Nani anamkombolea mtoto?" Mama Lazaro akataja bei. Nikataja juu yake. Akapandisha. Nikapandisha. Watu wakaanza kucheka, wakadhani ni furaha, mama na jirani wanamshangilia binti. Mimi nilikuwa tayari kuiacha ile saa yangu ya mkononi pale mezani. Mama Lazaro akaniangalia usoni, hakupandisha tena. Mzee akahesabu, moja, mbili, ikawa yangu.

Na pale kwetu, mtu akikomboa limbuko la mtoto humvalisha mtoto mwenyewe mbele ya watu. Ulishakuja. Ulisimama mbele yangu, umeinua kidevu, shingo tayari. Mzee wa kanisa akasema, "Na mwalimu wake naye asogee, tuwapigie makofi wote."

Mwalimu wake asogee.

Niliikunja ile skafu, nikaibana kwapani ndani ya kitenge, nikasema ina vumbi, nitaifua kwanza. Nikakushika mkono tukaondoka. Ulikuwa bado umeinua kidevu kidogo, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba mambo yameisha. Kidevu kile, mwanangu, ndicho kinachonifanya niandike barua hii. Mengine yote ningeweza kuyanyamazia mpaka nife.

Nyumbani niliigeuza kutafuta upande mbaya. Sisi wa mashine tunatazama nyuma kwanza, huko ndiko mafundo yanakoonekana. Nikageuza, nikageuza tena. Sawa huku, sawa huku. Yale mafundo yote uliyounga ulikuwa umeyasokomeza kati ya matuta ya mistari, huyaoni mpaka uyapapase. Pale kwenye upana palikuwa na upana, ndiyo, na baada ya hapo ukingo umenyooka. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema leo, sikusema siku ile.

Siku ile nilikuuliza, "Sasa hapa mbele ni wapi?"

Ukasema, "Kote mbele, Yeyo. Mama mkubwa anasema hata upepo ukiigeuza shingoni, hakuna aibu."

Kesho yake niliipeleka fremuni. Nilijiambia nitaitengeneza. Nitaifumua, niifume kwa mashine, iwe laini, iwe na mbele inayoeleweka, mtoto aone mama yake anaweza nini, na yule nesi aone. Nikatafuta mwisho wa uzi, nikavuta. Ilifumuka kirahisi kweli, mstari baada ya mstari, wiki zako zote zile zikaisha kabla chipsi za jirani hazijaiva. Nikaweka uzi kwenye mashine. Mafundo yako yakakwama. Nikalazimisha. Wewe ulinipindia sindano nne nikakupiga. Mimi siku ile nilivunja sita kwa wivu wangu mwenyewe, na hakuna aliyenipiga.

Mwisho nikapata kipande. Nilipokitoa kwenye mashine kikajikunja kingo zote mbili kikawa bomba. Ndivyo kitambaa cha mashine kinavyofanya kisiposhonwa na kingine, nilikuwa nalijua hilo miaka yote, lakini hasira haikumbuki kitu. Nikachukua pasi. Uzi ule siyo sufu ya kondoo, ni wa kiwandani, nao nilikuwa najua haupigwi pasi ya moto. Nikapiga. Ukalala, ukang'aa, ukawa mgumu kama karatasi ya sandarusi. Nikautupa shimoni nyuma ya gereji, nikakaa, na mteja akaja kuuliza sweta la mwanawe nikamfokea.

Jioni nikakwambia niliifua, nikaianika, wezi wamepita nayo.

Siku tatu ulizunguka kwenye michongoma ukichungulia nyua za watu. Siku ya nne ukaacha. Ukaniambia, "Usijali, Yeyo. Mama mkubwa amesema tutaanza nyingine." Ukanipa pole. Mimi!

Tangu hapo umefuma ngapi? Mama Lazaro ana tatu, moja ya kijivu anayovaa kila Julai baridi ya Meru inaposhuka, anakwenda nayo mpaka sokoni, nami nikiiona mbali nabadilisha njia. Mchungaji ana moja. Mwalimu wako wa hesabu ana moja. Yule kijana wa chuoni kwenu ambaye unadhani simjui ana moja, nimeiona kwenye picha ya simu yako, na haki ya Mungu ni nzuri. Mimi sina. Miaka yote hii sina hata ya kufutia mikono. Mara moja tu nilikuuliza kwa mzaha, "Na mimi je?" Ukasema, "Zako zinaibiwa, Yeyo." Ukacheka, ukaendelea kufuma. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unajua. Nimeshalala na neno hilo usiku mwingi.

Halafu ikaja barua yako ya kupangiwa kazi. Ni miezi mitatu sasa. Nilikuwa naanua nguo nikamsikia Mama Lazaro ananiita kutoka njiani, juu ya ua, "Mama Naserian, hongera! Makete kuna baridi, lakini watu wake wazuri." Nikasema asante, huku sijui ninachoshukuru. Ulimpigia yeye kwanza. Mimi nilikuwa na simu mfukoni, ina chaji, nimeiangalia.

Sikuweza kuvumilia. Niliweka nguo chini nikamfuata kwake kugombana. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote: kwamba amezaa mmoja, mimi mmoja, abaki na wake. Nikaingia bila hodi. Akasema, "Karibu ukae, chai ipo." Nilipofungua mdomo kilichotoka siyo kile nilichopanga. Nilisema, "Ile skafu haikuibiwa."

Akamimina chai. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Siku ile nilipita fremuni kwako, Naserian alisahau daftari kwangu nikasema nikuachie. Nikaona maruni na bluu kwenye mashine yako. Hakuna shule Arusha hii ina sweta la maruni na bluu pamoja. Nikarudi na daftari."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia, ningemchukua kabisa," akasema. "Na nilitaka sana kumchukua, Mama Naserian. Usinione hivi. Huyu mtoto kila siku ikifika saa kumi na mbili alikuwa anafunga kazi, hata abakishe vitanzi vitatu. Namwambia malizia. Anasema, Yeyo anarudi. Chai yangu, mandazi yangu, hadithi zangu zote, saa kumi na mbili, Yeyo anarudi. Nilikuwa nakuchukia, nikikusikia unakohoa kule njiani."

Nilifurahi, mwanangu. Mungu anisamehe, mtu anafungua moyo wake mbele yangu na mimi nafurahi kama aliyeshinda mnada mara ya pili. Halafu tukaangaliana, tukaanza kucheka, wajane wawili wazima, chai ikamwagika.

Nikamwomba anifundishe.

Sasa cheka na wewe. Mimi fundi, ninayekata sweta kwa macho bila futi, nimeshindwa na spoku mbili! Mkono wangu umezoea kusukuma, haukuzoea kuchukua kitanzi kimoja, halafu kimoja. Nilikuwa nabana uzi mpaka spoku haipiti. Nilidondosha vitanzi nikavitafuta kama sarafu chini ya kochi. Na Mama Lazaro pembeni, miwani kwenye ncha ya pua: "Hesabu. Umeanza na thelathini. Hesabu." Thelathini na moja. Thelathini na tatu. Thelathini na sita! Uzi ulikuwa unapanda juu ya sindano mwanzo wa mstari, nami najisifu nimefuma vingi. Nikataka kufumua yote. Akanipiga kibao cha mkono, kidogo tu, akasema, "Wewe na kufumua ndiyo mlivyo. Endelea."

Ndiyo maana miezi hii ulikuwa ukipiga simu kutoka hospitali ya chuo ulikokuwa unajitolea, nakwambia nipo kwenye maombi. Nilikuwa barazani kwa yule mwanamke, nafuma kama mtoto wa darasa la sita, na baadhi ya siku namsikiliza akieleza ulivyokuwa ukiwa na miaka kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Anajua mambo yako ambayo mimi siyajui. Kwamba ulikuwa unaogopa mbuzi. Kwamba ulitaka kuwa rubani kabla ya unesi. Nilikuwa nasikiliza na inaniuma, narudi kesho yake nisikilize tena.

Skafu yenyewe iko chini kabisa ya begi lako, chini ya sare nyeupe. Ni ya maruni na bluu. Nilinunua uzi mpya, mnene, sikuthubutu kukuwekea mafundo. Imeanza nyembamba, ikapanuka, hapo katikati ikarudi kwenye akili zake. Siyo ile yako. Ile yako ilikuwa nzuri zaidi na haitarudi, na sitaki udhani nimelipa. Makete wanasema asubuhi kuna umande wa barafu. Vaa upande wowote.

Kuna jambo moja tu la kukuambia huko uendako, na nalisema kwa sababu limenigharimu. Atakuja mwanafunzi wa unesi, msichana mwenye haraka, ataomba ashike kipimo chako. Utaona anakiharibu. Mwache akishike. Kaa naye hapo mpaka ajue. Vifaa vinanunuliwa. Mimi nilimfukuza mtu kwa ajili ya sindano nne, halafu miaka kumi na zaidi nikakaa nimekasirika kwamba alikwenda kwa mtu aliyempa mbili.

Na wagonjwa wakimpenda nesi mwenzio kuliko wewe, wakimsubiri yeye wakukatae wewe, itakuuma. Usijifanye haikuumi, utakuwa mkali bila kujua kwa nini. Nenda tu umwambie, inaniuma. Huenda na yeye ana lake. Mimi ningeyasema haya barazani kwa Mama Lazaro ukiwa darasa la sita, ningepata chai ya miaka mingi.

Usidhani nimepona. Hapa nilipo nasikia geti lake linafunguliwa. Amekusindikiza, nawasikia mnacheka njiani, mmesimama, mnaanza hadithi nyingine. Nyumba tatu, mnasimama mara ngapi? Kesho anakuja stendi pia. Nimemwalika mwenyewe, kwa mdomo wangu, na tangu nimemwalika najuta.

Mnakaribia, naandika haraka.

Sikuombi uniambie umenisamehe. Chukua muda wako, kasirika vizuri, safari ni ndefu. Lakini ikipita, siku moja zamu ikiwa haina wagonjwa na mikono yako haina kazi, nifumie na mimi. Mchungaji anayo, mwalimu wa hesabu anayo, kijana wa watu anayo. Nataka yangu. Vitanzi thelathini tu, kazi ya anayeanza, wala usihangaike na mapambo. Haina haja ya kuwa nzuri kuliko ya Mama Lazaro.

Hapana, nadanganya tena. Iwe nzuri kuliko yake. Na iwe ndefu kuliko yake, Naserian, hata kwa mistari miwili.

Mama yako